Mkono Uliofunika Mdomo

Mwalimu aliniuliza mkono wangu unasema nini.

Nilidhani ananitania. Nilikuwa bibi mwenye wajukuu, nimeketi darasani mjini Moshi pamoja na watu wa rika la wanangu, tukijifunza ushauri nasaha ili turudi kwenye sharika zetu tukasikilize shida za watu. Mkono unasema nini? Mkono unapika, unalima, unaogesha watoto. Lakini darasa zima lilikuwa limenigeukia, na hapo ndipo nilipogundua kwamba mkono wangu wa kushoto umefunika mdomo, kidole gumba shavuni, vingine vimelala juu ya midomo kama kifuniko cha sufuria. Nikaushusha haraka. Baada ya muda ukapanda tena wenyewe, mwalimu akaona, na wenzangu wakaona kwamba mwalimu ameona. 

Somo la juma lile lilikuwa tiba inayoitwa Gestalt. Ni neno la Kijerumani, alisema mwalimu, lenye maana ya umbo zima la kitu, na watu wa tiba hiyo hawaanzi kwa kukuuliza ulizaliwa wapi. Wanakutazama ulivyokaa mbele yao, kisha wanataka kujua kwa nini mguu unatikisika. Alikuwa amechora ubaoni namna za watu. Wa kwanza alimwita mmezaji. Huyu ni mtu anayepokea kila anachopewa na wakubwa wake, hatafuni, anameza kikiwa kizima, kisha anazunguka na amri za wengine tumboni akidhani ni zake. Tukaambiwa kila mmoja aseme mwenzake yuko wapi pale ubaoni. Mimi sikuhitaji hata kujadiliwa. Kijana mmoja mwinjilisti alisema, "Bibi ni mmezaji," na wengine wakaitikia kama wanaoitikia sala.

Mwalimu alitahadharisha kwamba hizi si aina za watu kama tunavyosema aina za mahindi. Ni namna mtu alivyojifunza kuishi mahali palipokuwa pagumu, kisha ugumu ukaisha, yeye akaendelea vilevile. Wakati ule sikumsikiliza vizuri. Nilikuwa nimeshughulika kuukalia mkono wangu.

Siku ile mkono haukusema kitu. Kama ungesema, ungesema Kichasu, lugha ya Wapare, na ungeanzia mlimani.

Kwetu ni Upare wa Kusini, juu, ambako ukungu unakaa migombani hadi watu wamemaliza uji wa asubuhi. Waingereza walikuwa chini, Same, kwenye boma lao na bendera yao, na walipotuhitaji walituma tarishi. Baba alifariki nikiwa mdogo. Tukabaki mama na mimi, na kahawa, na migomba, na zamu yetu ya maji ya mfereji. Mama alikuwa na maneno machache. Akikasirika hakumpiga mtu. Alijipiga mwenyewe paja, mara moja, kwa nguvu, kisha akaendelea na kazi. Nilipofika Moshi nikakuta naye yumo ubaoni: mtu anayejigeuzia mwenyewe ngumi iliyokusudiwa mwingine. Nilitamani niinuke nimfute.

Mama alikuwa na sheria zake za mdomo. Tusicheke meno yakaonekana. Tusipige miayo bila kufunika. Tukila, midomo ifungwe. Yeye mwenyewe, akisikia jambo la kuchekesha, mkono ulikuwa umeshafika usoni kabla kicheko hakijatoka, na kilichobaki kuonekana ni macho yaliyojaa maji. Mimi nilimfuata kama ndama. Watoto wenzangu walinichokoza kwamba nyumbani kwetu tunakula nzi, ndiyo maana hatutaki watoke. Niliona aibu, lakini sikujua ninaona aibu ya nini, na hiyo ndiyo mbaya kuliko zote, kwa maana huna pa kuishika.

Nikaja kujua, au nikadhani nimejua, siku moja nilipotoka kuchota maji mferejini. Wasichana wawili waligombana pale, mmoja akamwita mwenzake kigego. Aliyeitwa hivyo alilia kama aliyefiwa. Nilirudi nikamkuta mama anachambua maharage kwenye ungo, nikamuuliza kigego ni nini.

Yeyote wa kwetu wa wakati ule anajua kilicho nyuma ya neno hilo. Mtoto akianza kuota meno ya chini, nyumba inafurahi. Akitanguliza ya juu, ni kigego, na basi tabia yake yote imeshajulikana: atakuwa mkaidi, atakuwa na kijicho, nduguze watakufa, mvua itapita kando ya shamba la baba yake. Hajajua hata kusema mama, lakini watu wameshamsoma ufizi wakamaliza. Zamani watoto hao walipelekwa kwenye mwamba mrefu unaotazama tambarare, na waliowapeleka walirudi mikono mitupu. Serikali ilikataza, na kanisa likakataza. Kukatazwa kulikatazwa. Lakini vidole vya akina bibi viliendelea kupapasa fizi za wajukuu, na mtoto aliyeonekana vibaya alipotea kwa njia nyingine, akapelekwa kulelewa mbali na watu wasiomjua, na jina lake halikutajwa tena nyumbani.

Mama hakunieleza hayo. Nilipolitamka neno, ungo ulimponyoka, akajipiga paja, kisha akanifunika mdomo kwa kiganja kilichonuka vumbi la maharage, ingawa nilikuwa nimeshanyamaza.

"Usilitamke hilo humu ndani," alisema. "Na huko nje usiwe unacheka hovyo, mdomo wazi kama mlango wa zizi."

Maelezo niliyapata kwa watoto wakubwa. Na nilipoyapata, nilikaa nyuma ya nyumba nikaunganisha mambo mwenyewe. Sheria za mdomo. Mkono wa mama. Vile hakuwa na mtoto mwingine baada yangu. Vile baba alikufa. Hakuna aliyeniambia kwamba mimi ni kigego niliyefichwa. Nilijiambia mwenyewe, nikaamini, na sikumuuliza mama tena, maana nilimhurumia kwa kunizaa.

Kuanzia hapo nilijifunza kula kwa namna yangu. Chakula chetu kikubwa ni makande, mahindi na maharage yaliyochemshwa pamoja, na punje ya hindi inataka meno. Mimi niliitafuna mara mbili tatu, midomo imebana, kisha nikaimeza karibu nzima ili nimalize kabla mtu hajanitazama. Tumbo liliniuma miaka yote ya shule. Muwa sikuugusa mbele za watu, ingawa niliupenda kufa. Kwenye kwaya ya kanisa mwalimu alinisimamisha mbele akasema hatuimbi kwa pua, fungua mdomo, binti, huna haja ya kumwonea Mungu aibu. Waimbaji wote walicheka, wengine meno thelathini na mbili nje, na mimi nikasimama pale natazama vidole vyangu vya miguu. Jumapili iliyofuata nilikaa na wasioimba.

Sasa cheka na wewe. Mdomo huo uliofungwa ndio ulioniozesha.

Mama mkwe wangu alikuwa mwanamke wa kijiji cha Mamba, mkubwa wa umbo na wa sauti, na aliposhuka kanisani kwetu kutafuta mchumba kwa mwanawe alinitazama ibada nzima. Akaenda kuwaambia watu wake kwamba amempata binti mwenye haya, hata kucheka anajifunika, siku hizi hawapatikani. Nilisifiwa ukoo mzima kwa jambo lililokuwa linaniua. Siku ya harusi walionyeshana: mnaona adabu hiyo? Mimi nilikuwa nimekaa na khanga hadi puani, nikiwaza kwamba wamenunua ng'ombe bila kumfungua mdomo.

Mume wangu alikuwa mtu wa reli. Kazi yake ilikuwa kugeuza njia pale stesheni ya Same treni ipite upande unaotakiwa, na ndivyo alivyokuwa hata nyumbani. Ukimletea jambo zito, analigeuza linapita upande wa mzaha. Mtu mwema, sikatai. Hakunipiga, hakulewa, lakini hukuweza kumshika mahali. Ubaoni kule Moshi aliitwa mkwepaji. Tulikaa kwenye kota za reli, nyumba za mstari mmoja, ukuta wetu ndio ukuta wa jirani, ukipiga chafya huku wanakuombea afya kule. Kwa mtu aliyezoea kufungiwa na migomba, ilikuwa kama kukaa uchi sokoni. Joto, vumbi, filimbi ya treni, na wake za watu wa reli mlangoni kutwa wakitaka kujua umepika nini.

Nilizaa msichana. Kwa miezi ya mwanzo nilifurahi kama watu wengine. Kisha akaanza kutoa udenda na kutafuna ngumi yake, na mama mkwe akashuka kutoka Mamba na kikapu cha viazi na debe la mahindi, akasema amekuja kukaa hadi jino litoke. Kwao ndiyo desturi, jino la kwanza lionwe na mama mzaa baba. Kila asubuhi alinawa, akachovya kidole kwenye samli, akapapasa ufizi wa mtoto, chini kisha juu, macho yamefumba. Mimi nilisimama pembeni.

"Usiogope, mkwe," aliniambia siku moja. "Ya chini yakija, tutapika, majirani wale."

"Na yakija ya juu, mama?"

Alikifuta kidole kwenye khanga taratibu. "Zamani tulikuwa na la kufanya. Siku hizi Bwana DC anafunga watu. Basi mtoto wa namna hiyo halali nyumba moja na baba yake, mkwe. Anatafutiwa mahali. Na wewe utapata mwingine."

Mume wangu alikuwa anakunywa chai. Alisema labda mtoto ataota pembe kwanza, tumuuze kwa Wamasai. Alicheka, akavaa kofia yake ya kazi, akaenda kugeuza treni.

Mtoto alikuwa binti yangu mwenyewe, na niliamini nimempa damu yangu mbovu. Sikulala vizuri. Nilikuwa namtazama mdomoni kila ninapompa ziwa, na asubuhi moja, kabla mama mkwe hajaamka, nikaona. Kamstari keupe, kama ukucha mchanga, kanachungulia. Juu.

Nilichofanya nilikifanya kabla sijafikiri. Nilimfunga mgongoni nikaenda zahanati, nikamwambia mganga mtoto ana vidonda mdomoni, na yeye, mtu mwenye foleni ndefu, akanipa kichupa cha dawa ya zambarau bila hata kutazama. Nilipaka njiani. Nilipaka fizi, ulimi, midomo, mpaka mtoto akawa kama aliyekula wino. Nyumbani nilisema mganga amekataza kidole kisiingie mdomoni mpaka vidonda vipone. Mama mkwe alinitazama, akamtazama mtoto, akaifunika samli yake. Majirani walikuja kumpa pole. Nilikaa katikati yao, mkono mdomoni, nikipokea pole za uongo wangu, na mtoto, maskini, akiwachekea watu kwa mdomo wa zambarau.

Kupitia mwanamke wa kwetu aliyeteremsha ndizi sokoni nilituma neno: mama aje, mtoto haendi vizuri. Sikuweza kusema zaidi. Lakini moyoni nilikuwa na mpango. Mama alinificha mimi, basi anajua njia. Ataniambia alitumia nini, alisema nini kwa nani, na mimi nitafanya vilevile.

Alifika na lori la kahawa, miguu imevimba, khanga imejaa vumbi. Mama mkwe alikuwa ameenda sokoni. Nilimwamkia, nikamwingiza jikoni nyuma ya nyumba, nikafunga mlango, nikampakata mtoto mbele yake na kumfungua mdomo. Pale juu, katikati ya zambarau, jino lilikuwa limeshatoka wazi, na la pili linalifuata.

Mama alitazama. Kisha akakaa kwenye kigoda.

"Mama," nilisema, "nifundishe ulivyofanya kwangu."

"Kwako nilifanya nini?"

"Meno yangu, mama. Ulivyonificha."

Alinyanyua uso. Sijawahi kuona uso wa mtu mzima uliochanganyikiwa namna ile.

"Meno yako yalianza chini," alisema. "Kama ya watu wote. Mama mzaa baba yako aliyaona, akapika, tukala mpaka jioni. Nani amekuambia nilikuficha?"

Sikuwa na wa kumtaja. Nilitafuta, nikatafuta, sikumpata hata mmoja.

Mama alijipiga paja. Kisha mkono uleule ukapanda, ukakaa mdomoni mwake, na alizungumza kutoka nyuma ya vidole, kwa sauti ndogo, kwa Kichasu, kama mtu anayeongea ndani ya chungu.

"Ni mimi," alisema. "Mimi ndiye kigego."

Bibi yangu, mama yake, alipouona ufizi wake, aliwaambia watu anakwenda kumtafutia mtoto dawa. Alishuka naye mgongoni, akaenda mbali, upande wa Ziwa Jipe, Kwakoa, kwa mwanamke mmoja mfuga mbuzi aliyewahi kubadilishana naye chakula wakati wa njaa. Alikaa kule hadi meno yote yamejaa, juu na chini, asiyejua hana la kuuliza. Kisha akarudi, akasema mtoto amepona. Hakumwambia mama mpaka siku ya kumwozesha, na siku hiyo alimpa wosia mmoja tu: usimwonyeshe mtu meno.

Nikiandika haya leo hasira inanipanda. Meno ya utotoni hung'oka yote! Kila mtu anajua, tunayarusha juu ya paa tukiomba mapya. Hakuna awezaye kumtazama mtu mzima mdomoni akajua lipi lilitangulia. Hata ushahidi wenyewe haukuwapo. Lakini bibi alimpa mama amri nzima kama ilivyo, mama akaimeza, akanipa mimi bila maelezo, na mimi nikaimeza na maelezo nikajitungia.

Mtu angedhani nilifurahi. Nimeambiwa mimi si kigego, mimi ni mtu kama watu. Sikufurahi hata kidogo. Niliona aibu kubwa kuliko zote nilizowahi kuona: aibu ya mtu aliyetembea maisha yake yote akichechemea, kisha akaambiwa mguu ulioumia ni wa mwingine. Nilikumbuka punje za makande. Nilikumbuka kwaya. Na nyuma ya hiyo ikaja nyingine, nayo naisema kama ilivyokuja: nilimwonea aibu mama yangu. Nilimtazama pale kigodani na mkono wake mdomoni, na sekunde moja nilimwona kwa macho ya watu wa mlimani.

Hapo ndipo tuliposikia mlango. Haukuwa umefungika sawasawa. Mama mkwe alikuwa amesimama na kikapu cha mchicha, na kwa jinsi alivyosimama tulijua amekuwapo hapo muda mrefu.

Mama alisimama. Ni mwanamke mfupi, alimfika mwenzake mabegani. Alitoa mkono mdomoni.

"Mkwe," alisema, "umesikia. Mtoto hana kosa, amefuata damu yangu. Kama anatafutiwa mahali, mahali hapo nitakwenda naye mimi. Nimeshazoea."

Nilisubiri yule mama mkubwa wa Mamba apaze sauti. Nilijua atakayosema: ndiyo maana baba yako alikufa, ndiyo maana mvua, ndiyo maana hiki na kile. Alikuwa mtu wa kuona ubaya kwa wengine hata kabla haujatokea. Miaka mingi baadaye, tulipofika kwenye aina hiyo darasani, yule anayemtwika mwenzake asichoweza kukitazama ndani yake, mimi ndiye niliyetoa mfano. Nilimwigiza mama mkwe, kidole cha samli na yote, na darasa likacheka sana. Nilipokwisha kukaa ndipo nikakumbuka alichosema jikoni, na sikuweza kula chakula cha mchana.

Hakupaza sauti. Aliweka kikapu chini. Alimchukua mtoto kutoka mikononi mwangu, akamlaza kwenye mkono wake mpana, akamfungua mdomo kwa kidole kikavu, bila samli, akatazama.

"Wangu alikuwa wa kwanza," alisema. "Kabla ya huyu wa reli. Alikuwa mtoto wa kiume."

Alimfuta mtoto udenda kwa kidole kilekile.

"Wangu hakupelekwa Kwakoa, mkwe. Sikujua kwamba mtu anaweza kukataa."

Hakulia. Alisimama tu akimtikisa mtoto wangu taratibu, namna ya mtu anayembembeleza aliyeshalala. Sikujua nitazame wapi. Nilitazama mchicha.

Jirani wa ukuta wa kushoto, ambaye bila shaka alikuwa amesikia sauti lakini si maneno, alishindwa kuvumilia. "Jamani huko!" aliita. "Kuna nini? Jino limetoka?"

Mama na mimi tuliganda. Mama mkwe aligeukia ukuta, akavuta pumzi, na ile sauti yake ya Mamba ikarudi.

"Limetoka!" alijibu. "La chini!"

Vigelegele vilianza upande wa kushoto, vikashikwa na nyumba inayofuata, vikaenda hadi mwisho wa kota za reli. Mtoto alishtuka. Kisha, kwa kuwa alikuwa mtoto wa kupenda kelele, akacheka, mdomo wazi kabisa, zambarau yote nje, na yale meno mawili ya juu yakang'aa katikati yake.

"Nje tutamfunika mpaka ya chini yafike," mama mkwe alisema kwa sauti ya chini. "Endelea na dawa yako." Alimrudisha kwangu, akatoka kwenda kupokea majirani mlangoni asije mmoja akaingia.

Mama alikuwa akimtazama mjukuu wake, na kile kicheko kikamwambukiza. Alicheka. Mikono yake yote miwili ilikuwa imeshika ukingo wa khanga yake, na hakuna uliopanda. Nilikuwa mwanamke mzima, nimeolewa, nimezaa, na hiyo ndiyo ilikuwa mara yangu ya kwanza kuyaona meno ya mama yangu. Yalikuwa meupe, yamepangana vizuri, madogo madogo. Yalikuwa mazuri.

Mimi nikasikia hatua za watu nje, na mkono wangu ukaenda. Wa kulia ulikuwa umeshafunika mdomo wa mtoto kabla sijajua, naye akawa anahangaika chini yake. Mama aliacha kucheka. Aliushika mkono ule kwenye kiwiko, akauondoa, akauweka mapajani mwangu. "Humu ndani mwache acheke," alisema.

Wa kushoto ulikuwa mdomoni mwangu. Aliutazama huo, na nikaona amejua ulitoka wapi. Huo hakuugusa. Alichovya pembe ya khanga yake kwenye maji, akainama, akaanza kumfuta mtoto zambarau iliyomwagikia kidevuni.